Amplifaya ya kwanza ya tyubu: anzia nyuma

Ukishatoa amplifaya mpya ya gitaa kwenye boksi, mkono hukimbilia mbele: kwenye nobu, taa na jina la kampuni. Ikiwa ni ya tyubu, igeuze mgongo kwanza. Karibu kila kinachoziua amplifaya hizi Arusha na Moshi huingilia nyuma: umeme usio wake, au spika isiyo yake. Nobu za mbele hata ukizikosea zote, utapata sauti mbaya tu, na sauti mbaya inarekebishika.

Tyubu hapa si ile ya baiskeli. Ni vichupa vya glasi vilivyoondolewa hewa, vyenye uzi unaopashwa moto ndani, vilevile vilivyokuwa kwenye redio za babu kabla ya transista. Wapiga gitaa hawajaviacha kwa sababu tyubu ikisukumwa kupita uwezo wake haiikati sauti kwa kisu. Inaibonyeza taratibu, noti inanenepa na kuanza kukwaruza kidogo. Ndilo jambo unalolilipia, pamoja na uzito wa transfoma mbili za chuma.

Kibandiko cha nyuma

Pale waya wa umeme unapoingia pana maandishi: volti, Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde), wati inazokula na ukubwa wa fyuzi. Umeme wetu ni volti 230, 50 Hz. Ukikuta 230V au 240V na 50Hz, endelea. Ukikuta 120V 60Hz, mashine ni ya Marekani. 100V ni ya Japani. Hizo huja na mizigo ya mitumba au na ndugu aliyerudi kutoka nje, na ukizichomeka ukutani moja kwa moja zinawaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, fyuzi inakatika, na siku mbaya transfoma inaifuata.

Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme. Tazama wati inazokula, siyo wati za spika: amplifaya ya wati 15 inaweza kula wati 100 au zaidi, maana nyingi zinaishia kuwa joto. Zidisha kwa mbili. Inayokula wati 100 ipe transfoma ya VA 200 hadi 300 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, karibu sawa na wati). Kitransfoma cha mashine ya kunyolea hakitoshi. Ya Japani itafutie inayotoa volti 100 hasa. Ukiipa 110 umeizidishia asilimia 10 kila dakika inayowaka.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalitaji. Transfoma ya kushusha hubadilisha volti, haibadilishi Hz. Kibandiko kikisema 50/60Hz hakuna tatizo. Kikisema 60Hz peke yake, transfoma ya ndani ilipimwa chuma chake kwa 60, na kwenye 50 itapata joto zaidi kwa kazi ileile. Iwashe saa moja kisha gusa kasha la transfoma, kwa nje, mahali pasipo na waya. Joto la kikombe cha chai ni sawa. Ukishindwa kuweka kiganja sekunde tatu, au ukisikia harufu ya lami, zima na usiitumie kwa mazoezi marefu.

Kisha plagi. Amplifaya ya Ulaya huja na plagi ya miguu miwili ya duara, na kila mtu hapa anajua ujanja wake: unachomeka kijiti au kofia ya peni kwenye tundu la juu la soketi, milango inafunguka, unasukuma plagi ndani. Kwa chaja ya simu hayo ni mazoea tu. Kwa amplifaya ya tyubu ni hatari, kwa sababu ukishafanya hivyo waya wa ardhi haugusi popote, na chuma chote cha amplifaya, pamoja na nyuzi za gitaa ulizozishika, hakina pa kupeleka umeme ukivuja. Ukigusa mdomo kwenye maikrofoni ya kanisa utajua. Kata plagi ile, funga ya miguu mitatu ya bapa: kahawia kwenye L, bluu kwenye N, kijani chenye mstari wa njano kwenye mguu mrefu. Ndani ya plagi toa fyuzi ya 13A, weka ya 3A. Waya wa Marekani una rangi nyingine: mweusi ni L, mweupe ni N, kijani ni ardhi, huo usiufungie plagi ya ukutani, uchomeke kwenye transfoma yenye tundu lake la ardhi.

Sasa umeme wenyewe. Uzi wa tyubu nyingi za gitaa unataka volti 6.3, na kiasi kinachovumilika ni asilimia 10 juu au chini, yaani 5.7 hadi 6.9. Volti za uzi hupanda na kushuka pamoja na za ukutani. Mashine iliyoandikwa 220V ikipata 240 inafika 6.87, ukingoni kabisa. Mashine ya 230 jioni, mtaa mzima unapopika na umeme umeshuka hadi 190, inapata 5.2: sauti inalegea, besi inakuwa kama uji, na mwenye mashine anaanza kulaumu tyubu. Kabla ya kulaumu chochote pima soketi kwa mita, saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku. Tofauti ikizidi volti 20, nunua stabilaiza ya VA 500 au 1000. Stabilaiza hizi nyingi hubadilisha hatua kwa kugonga "ta!" ndani, na mlio huo unaweza kusikika kwenye spika, iweke kwenye soketi ya mbali, siyo juu ya amplifaya.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kazi ya kwanza ni kuzima swichi, hata kama ni giza. Unaporudi huweza kuja na kishindo, na hutaki mashine iwe imefunguliwa mdomo. Jenereta iwashwe kwanza, iachwe itulie, ipimwe, ndipo amplifaya ichomekwe. Na wanaotumia sola: inveta ya bei rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi, ambalo linaleta mlio wa nyuki na kuipasha transfoma moto. Tafuta iliyoandikwa wimbi safi, au subiri umeme.

Spika, kabla ya kuwasha

Sheria hii haina mjadala: amplifaya ya tyubu isiwashwe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti imetengenezwa kusukuma mzigo. Mzigo usipokuwepo na ukapiga gitaa, nguvu inakosa njia, volti zinaruka upande wa tyubu kupita kiwango, na cheche inapasua koili ya transfoma au kuunguza soketi ya tyubu. Hiyo transfoma ndiyo kifaa ghali kuliko vyote ndani, na hapa hutaipata dukani.

Ikiwa spika imefungwa ndani ya boksi moja na amplifaya, hakikisha tu waya wake umechomekwa. Ikiwa kichwa (amplifaya isiyo na spika ndani) na boksi la spika ni mbali mbali, linganisha omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika. Tundu la 8 liende kwenye spika ya 8. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa 4. Zikiungwa kwa mfululizo zinakuwa 16. Boksi lisilo na maandishi lipime kwa mita kwenye ncha za waya wake: spika ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7, ya 16 husoma 11 hadi 13, ya 4 husoma 3 na kitu. Mita hupima uzi wa shaba peke yake, ndiyo maana namba ni ndogo kuliko iliyoandikwa.

Waya wa spika na waya wa gitaa una jeki ileile, na hapo wengi huponea chupuchupu. Waya wa gitaa ndani una kauzi kembamba kilichozungukwa na wavu. Ukiutumia kwenye spika unapata moto, na ukiyeyuka umebaki bila mzigo, habari ya aya iliyopita. Waya wa spika una nyuzi mbili nene zinazolingana. Ufunge utepe mwekundu ncha zote mbili na usiuazime kwa mtu.

Kosa la ukumbi wa kwaya linastahili aya yake. Fundi mitambo anataka gitaa liingie kwenye mikisa, anaona tundu la spika nyuma ya amplifaya, anachomoa spika na kuvuta waya hadi mikisa. Kwa kitendo kimoja ameiacha amplifaya bila mzigo na kuipiga mikisa kwa volti za spika. Kama hakuna tundu maalumu la laini (LINE OUT) la kupeleka sauti kwenye mikisa, weka maikrofoni. Shure SM57 au inayofanana nayo, sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa, ikielekea pale kofia ya katikati ya spika inapoungana na karatasi. Ukiisogeza katikati sauti inakuwa kali. Ukiipeleka pembeni inapoa. Sentimita mbili zinabadilisha mengi kuliko nobu ya trebo.

Kujua tyubu zako

Chomoa umeme, fungua bati au wavu wa mgongo, chungulia. Vile vidogo vya miguu tisa, mara nyingi vimevalishwa kofia ya bati, ni tyubu za kukuza sauti ya gitaa. Karibu zote ni 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Ni kitu kimoja. Ile iliyo karibu zaidi na tundu la gitaa huitwa ya kwanza, na ndiyo yenye lawama nyingi kwa sababu kelele yake hukuzwa na zote zinazofuata.

Vikubwa ndivyo vinavyosukuma spika. EL84 ni refu na jembamba, miguu tisa. Mbili zinatoa wati 15 hivi, kama kwenye Vox AC15 au Fender Blues Junior. 6V6, 6L6 na EL34 zina miguu minane na kitako cha plastiki: 6V6 moja ndiyo ya Fender Champ ya wati 5, 6L6 mbili zinatoa 40 hadi 50, na EL34 ndiyo sauti inayojulikana kwa Marshall. Usibadilishe aina moja kwa nyingine kwa sababu tu miguu inaingia.

Juu ya glasi, au ubavuni, utaona doa linalong'aa kama kioo. Hilo ni madini yaliyopakwa kwa makusudi kumeza hewa iliyobaki ndani. Doa likiwa la fedha, nyeusi au kahawia kidogo pembeni, tyubu ni nzima upande huo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Tyubu imekufa hata kama glasi haionyeshi ufa. Lichunguze doa hili kabla ya kutoa hela, hasa ukinunua kitu cha mkono wa pili kwenye masoko ya Kilombero au Kiboriloni ambapo si rahisi kupata soketi ya kujaribia.

Amplifaya iliyosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam au kupitia Namanga imetikiswa saa nyingi. Kandamiza kila tyubu taratibu kwenye soketi yake, ikiwa baridi, bila kuzungusha. Zilizolegea ni nyingi kuliko zilizokufa.

Kuwasha mara ya kwanza

1. Spika imechomekwa. Nobu za sauti zote ziko sifuri. Gitaa bado.
2. Kama kuna swichi ya pili iliyoandikwa STANDBY, iweke kwenye kusubiri. Washa umeme.
3. Ngoja sekunde 30 hadi 60. Kila tyubu ionyeshe nukta ya rangi ya chungwa. Zenye kofia ya bati utazipapasa baadaye kwa joto.
4. Toa kwenye kusubiri. Tazama tyubu kubwa dakika mbili nzima.
5. Chomeka gitaa, pandisha sauti polepole.

Kwenye hatua ya nne kuna rangi tatu za kuzijua. Ukungu wa bluu unaocheza ukutani mwa glasi, hasa ukipiga noti, ni wa kawaida. Zambarau au waridi inayojaa katikati ya vyuma ni gesi. Tyubu hiyo imeharibika. Na kile chuma cha kijivu cha nje kikianza kuiva kama mkaa, zima papo hapo, usingoje kuonyesha wenzako. Tyubu inapitisha umeme kupita kiasi, na dakika chache zinatosha kuondoka na transfoma.

Swichi ya kusubiri si mahali pa kuegesha mashine mchana kutwa. Nyuzi zikiwaka muda mrefu bila kazi tyubu inachakaa kimyakimya. Mapumziko ya dakika kumi, acha hapo. Ibada ya saa mbili bila gitaa, zima kabisa. Kama mashine haina swichi hiyo, haijapungukiwa.

Iliyokaa kabatini miaka kumi haiwashwi hivi. Kapasita zake kubwa, zinazohifadhi umeme ndani, zimekauka au kusahau kazi. Fundi aiunge kwa mfululizo na balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60 au 100. Ya LED haifai. Balbu ikimulika sekunde moja kisha ikafifia, hali ni nzuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imeokoa transfoma.

Mvumo: tumia gitaa kama kipimo

Mvumo kidogo upo kwa kila amplifaya ya tyubu. Ukizidi, ujue unatoka wapi kabla ya kununua chochote. Maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa Marekani na yanasema 60 na 120. Kwetu ni 50 na 100, na unaweza kuzitofautisha bila kifaa.

Piga uzi wa sita, kituo (freti) cha tatu. Hiyo ni G ya 98 Hz. Mvumo ukikaa karibu kabisa na noti hiyo, juu kidogo tu, ni wa 100 Hz, nao unatoka kwenye umeme uliogeuzwa ambao kapasita za kuchuja hazijaulainisha, au kwenye jozi ya tyubu kubwa zisizolingana. Kazi ya fundi. Ukiwa chini zaidi kwa oktava nzima, sawa na mpiga besi akishika kituo cha tatu kwenye uzi wake mnene, ni wa 50 Hz: waya wa ardhi uliozunguka, waya wa gitaa mbovu, au nyuzi za tyubu. Chomoa gitaa, mvumo ukiisha, kosa liko nje ya amplifaya. Kama gitaa lako lina pikapu (sumaku za kunasa sauti ya nyuzi) za koili moja, geuka robo mzunguko. Mvumo ukipungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka, pikapu inanusa transfoma. Sogea mita mbili.

Mzunguko wa ardhi hutokea sana kumbi zenye nyaya za kuungaunga: amplifaya kwenye soketi ya ukuta huu, mikisa kwenye soketi ya ukuta ule, na waya wa sauti kati yao. Leta zote kwenye ekstensheni moja. Usikate waya wa ardhi wa amplifaya kunyamazisha mvumo. Utanyamaza, ni kweli, na siku moja mpiga gitaa naye.

Nobu, hatimaye

Weka besi 3, midi 6, trebo 5. Sauti ipandishe hadi 3. Utashangaa kuwa kati ya 1 na 4 ndipo ukubwa wa sauti karibu wote unapatikana. Kutoka 6 kwenda 10 haiongezeki sana ukubwa, inaongezeka mkwaruzo. Usidanganywe na wati pia. Amplifaya ya wati 50 haikushindi mara kumi wewe wa wati 5. Sikioni ni kama mara mbili. Wati 5 kwenye chumba cha kupanga Sakina au Majengo ya Moshi zinatosha kumleta mwenye nyumba mlangoni.

Kwenye mashine za mtindo wa Fender besi, midi na trebo zimefungamana: ukizishusha zote hadi sifuri sauti inapotea karibu kabisa. Haijaharibika. Pia ukipunguza trebo, nobu ya midi inaanza kufanya kazi tofauti na ilivyokuwa. Kwa hiyo badilisha moja, piga, sikiliza, ndipo uguse nyingine.

Kama kuna gaini na masta: gaini ni kiasi unachosukuma tyubu ndogo, masta ni kiasi kinachofika tyubu kubwa. Kwa solo ya dansi au sebene, ambako kila noti lazima isimame peke yake, gaini iwe chini, 2 au 3, masta juu, besi 3, trebo 6, mwangwi wa springi usizidi 2. Amplifaya ndogo ya wati 5 haitaweza usafi huo mbele ya ngoma. Itakwaruza kabla ya kusikika. Kwa kazi hiyo anzia 15, na ukicheza na bendi nzima bila maikrofoni, 30 au 40.

Ukitaka mkwaruzo, acha nobu za amplifaya mahali ilipoanza kukwaruza, kisha rudi kwenye nobu ya sauti ya gitaa lenyewe. Ishushe hadi 6, mashine inasafika, 10, inaguruma. Hii ndiyo tofauti kubwa na amplifaya za transista, na wengi wanaomiliki za tyubu hawajawahi kuijaribu kwa sababu nobu ya gitaa iko 10 tangu siku ya kwanza.

Inyanyue kutoka sakafuni. Ikiwa chini, sauti inapiga vifundo vya miguu yako na kumkata kichwa mtu wa safu ya tatu. Kreti ya soda iliyogeuzwa inafaa sana. Kiti cha plastiki kinatetemeka na kuimba chenyewe.

Inapogoma

Haiwaki kabisa: chomoa, tazama fyuzi. Badilisha kwa namba ileile na herufi ileile. T ni ya polepole, F ya haraka, na amplifaya nyingi zinataka T kwa sababu zinavuta umeme mwingi zinapowashwa. Ikikatika tena, acha. Kuzungushia uzi wa waya au karatasi ya sigara ni kuigeuza transfoma iwe fyuzi.

Inawaka, haisemi: jaribu waya mwingine wa gitaa. Bado? Kama nyuma kuna matundu mawili ya kuunganisha vifaa vya kubadilisha sauti (SEND na RETURN), yachomeke pamoja kwa waya mfupi. Sauti ikirudi, ncha za ndani za tundu zimeshika kutu. Ni jambo la kawaida baada ya mvua za Machi hadi Mei. Chomeka na kuchomoa jeki mara kumi, au pulizia dawa ya kusafisha swichi.

Inapiga mluzi au kulia kama kengele: sauti iwe nusu, chukua penseli, gonga kila tyubu ndogo kwa upande wa kifutio. Zote zitatoa "tk" kidogo. Ile inayolia "ting" na kuendelea ndiyo yenye kosa. Kama huna mpya, ihamishie nafasi ya mbali na tundu la gitaa, huko kelele yake haikuzwi sana.

Inachachatika kama vitumbua kwenye mafuta: miguu ya tyubu michafu, au rezista inayochoka. Anza na miguu. Inalegea, besi imepotea, sauti imeshuka miezi kadhaa bila wewe kugundua: tyubu kubwa zimezeeka, ikiwa tayari umepima umeme wa ukutani.

Harufu ya vumbi linaloungua dakika za kwanza ni vumbi kweli, na mashine ikitoka kwenye barabara za ndani za Kwa Mrombo mwezi wa pili utakuta la kutosha. Lipanguse kwa brashi kavu ya rangi ya inchi mbili, mashine ikiwa baridi. Mgongo wenye joto huvutia mende vilevile. Funika kwa kitambaa, baada ya kupoa.

Tyubu mpya na fundi

12AX7 unaweza kubadilisha mwenyewe: chomoa umeme, ngoja ipoe, sukuma na kuzungusha kofia ya bati, vuta tyubu kwa mduara mdogo, nyoosha miguu ya mpya, ingiza. Kama tyubu ya kwanza inakupa mkwaruzo mwingi kupita unaoutaka, 12AT7 inaingia mahali pake kwenye amplifaya nyingi. Kipimo chake cha kukuza ni 60 badala ya 100.

Tyubu kubwa zinanunuliwa kwa jozi iliyolinganishwa, na nyingi zinataka fundi apime na kurekebisha umeme wa utulivu, yaani ule unaopita tyubu ikiwa haipigi kitu. Ukikosewa kwenda juu zinaiva. Kwenda chini sauti inakuwa kavu na nyembamba. Hapa mjini tyubu huagizwa. JJ za Slovakia na Electro-Harmonix za Urusi ndizo majina utakayokutana nayo. Kumbuka majina mawili mawili unapoagiza: EL84 ni 6BQ5, na 7025 inaingia mahali pa 12AX7.

Fundi wa kumtafuta ni mzee wa TV za mgongo, kabla ya yule wa simu. Amezoea volti kubwa. Ndani ya amplifaya hii kuna 300 hadi 450, na kapasita huzishikilia hata waya wa ukutani ukiwa umechomolewa na kuzungushwa mkononi. Wewe usifungue bati la chini. Naye mwombe asipige shoti kapasita kwa bisibisi kama wengi wanavyofanya. Azitoe umeme kwa rezista ya kilo-omu 22, wati 5, ashikilie dakika nzima kwa mkono mmoja, kisha apime hadi mita isome chini ya volti 10. Mpelekee mchoro wa mashine uliochapishwa, na spika yake. Fundi akipewa kichwa bila boksi atalazimika kujaribu bila mzigo.

Safari ya kwenda na kurudi iwe kwa bajaji au kiti cha nyuma cha gari, siyo bodaboda. Baada ya kuzima ngoja dakika 15 kabla ya kuibeba, kwani uzi wenye moto hauvumilii matuta. Ndani ya mgongo bandika karatasi: aina ya kila tyubu kwa nafasi yake, namba ya fyuzi, omu za spika, na volti ulizopima ukutani siku ile ilipokuwa inalia vizuri. Pembeni yake, kwenye mfuko wa nailoni, fyuzi tatu na 12AX7 moja iliyokwisha kujaribiwa.